Kufanana Si Undugu: Somo la Vipepeo wa Kulamawe

Mtamkie mwanafunzi yeyote wa Kiswahili jina la Kulamawe, na kabla hujamaliza atakuwa amekwisha kulipasua vipande viwili, kula na mawe, na kukutungia kisa cha msafiri aliyekosa chakula hata akatamani kutafuna changarawe. Kisa hicho hupendeza, hasa kwa kuwa kijiji chenyewe kipo katika nyanda kame za Isiolo, kwenye njia itokayo mjini kuelekea Garbatula, mahali ambapo mawe si adimu. Lakini wenyeji wengi wa huko ni Waborana, na lugha ya nyumbani kwao si Kiswahili. Kwa sababu hiyo mwanaisimu hawezi kuridhika na mlio wa neno. Atauliza jina lilianza kuandikwa lini, aliyeliandika ni nani, na wazee hulitamkaje wanapozungumza wao kwa wao. Umbo la neno ni dokezo tu, wala halina nguvu ya cheti cha kuzaliwa.

Tahadhari hiyo ya wanaisimu nataka kuihamisha leo hadi kwenye uwanja ambao kwa mtazamo wa kwanza hauhusiani kabisa na lugha, nao ni uwanja wa vipepeo. Nafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, walimu wetu wa sayansi na wale wa lugha huketi katika chumba kimoja cha walimu mwaka mzima bila kugundua kwamba wanafundisha mbinu ile ile. Pili, neno nasaba limekuwa likitumiwa hovyo mitaani na majukwaani, na kila mtu aliyewahi kusikia habari za vipimo vya vinasaba hudhani kwamba sasa mambo yote ya asili yamekwisha kuamuliwa maabara.

Mvua inyeshapo katika nyanda hizo, ardhi iliyokuwa kama mfupa mkavu hupata uhai kwa siku chache. Miswaki na vichaka vya jamii ya mikapari huchipua, na vipepeo hutokea kwa wingi. Walio wengi ni wadogo, weupe au wa manjano, wenye ncha za mabawa zilizopakwa rangi nyekundu, ya machungwa au ya zambarau. Hao ni wa kundi ambalo wataalamu waliliita Colotis, na baadhi yao, kama Colotis phisadia, hutaga mayai juu ya mswaki ule ule ambao watu wameusugulia meno tangu zamani. Pamoja nao hupita makundi makubwa ya vipepeo weupe wenye mishipa ya kahawia, Belenois aurota, ambao husafiri kwa maelfu wakifuata upepo. Kisha kuna yule mkubwa zaidi, mwenye rangi ya hudhurungi iliyoiva, arukaye polepole kana kwamba hana adui duniani. Huyo ni Danaus chrysippus, naye ndiye atakayetushughulisha zaidi.

Kenya ina spishi za vipepeo zinazokaribia 900, na Torben Larsen alizieleza katika kitabu chake juu ya vipepeo wa Kenya kilichotoka mwaka 1991. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili, kazi ya kuwapanga vipepeo wa dunia katika koo ilifanywa kwa kutazama: rangi ya bawa, mpangilio wa mishipa, umbo la miguu, viungo vya uzazi. Nisieleweke vibaya. Kazi hiyo ilikuwa ya kitaalamu, na sehemu kubwa ya matokeo yake ingali imesimama. Hata hivyo ilikuwa na udhaifu mmoja ambao hauwezi kuondolewa kwa bidii ya macho, kwani kipepeo ni kiumbe aliyefuzu sanaa ya kujisingizia.

Mchukue huyo Danaus wetu. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, kama ule mmea wa majani mapana, Calotropis procera, uotao kandokando ya njia na penye ardhi iliyochoshwa. Sumu hiyo hubaki mwilini hadi kiwavi anapokuwa kipepeo, na ndege akimwonja mara moja hujifunza kumwacha. Ndiyo maana ya ule mwendo wake wa madaha. Sasa, katika mazingira yale yale yupo kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu yoyote ya kujivunia. Dume lake ni jeusi lenye mabaka meupe. Jike lake, kinyume cha matarajio yote, limevaa sare ya Danaus, tena kwa ukamilifu wa kutisha: penye Danaus wasio na ncha nyeusi bawani, hupatikana majike ya misippus yasiyo na ncha hiyo vilevile. Mtoto anayepanga vipepeo juu ya meza kwa kufuata rangi atamweka jike huyu pamoja na Danaus na kumtenga na mumewe wa ndoa. Na ndege, ambaye maisha yake yanategemea kutofautisha, hukosea vivyo hivyo.

Mfano wa pili ni wa misituni, nao uliwastaajabisha wataalamu tangu miaka ya 1860, Roland Trimen alipoueleza akiwa Afrika Kusini. Papilio dardanus, anayepatikana pia katika misitu ya nyanda za juu za Kenya, ana dume la manjano lenye mikia. Majike yake Bukini hufanana na madume, lakini katika sehemu nyingi za bara majike huja kwa sura kadhaa, kila sura ikimwiga kipepeo mwingine mwenye ladha mbaya. Kabla ya Trimen sura hizo zilihesabiwa kuwa spishi tofauti. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba tofauti hizo zote za majike zinatawaliwa na sehemu moja ndogo ya kromosomu, mahali penye jeni iitwayo engrailed na jirani yake. Swichi moja, nyuso nyingi.

Basi iwapo macho hudanganyika namna hii, undugu utajulikanaje? Hapa ndipo vinasaba vilipoingia, na hapa pia ndipo mwanaisimu anapoanza kutabasamu, kwa maana mbinu yenyewe anaifahamu.

Ndani ya kila seli ya kipepeo, kama ilivyo katika seli zetu, kuna maandishi marefu yenye herufi nne tu, A, C, G na T. Maandishi hayo hunakiliwa kizazi baada ya kizazi, na kila yanaponakiliwa hutokea makosa machache. Mtafiti huchukua mguu mmoja wa kipepeo, pengine aliyekaushwa na kuwekwa sandukuni miaka mingi iliyopita, huyasoma maandishi yake, kisha huyapanga chini ya maandishi ya kipepeo mwingine, herufi kwa herufi, na kutazama yanapotofautiana. Watu hudhani kwamba kilichobaki ni kuhesabu tu: anayefanana zaidi na mwenzake ndiye ndugu yake. La hasha.

Mwalimu mwenzangu, wewe unayesahihisha mitihani unalijua jambo hili vizuri kuliko maprofesa wengi. Wanafunzi wawili wakiandika jibu sahihi lile lile, huwezi kuwashtaki kwa kunakiliana. Wote wawili wamelipata darasani. Lakini wote wawili wakiandika kosa lile lile, tena kosa la ajabu ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria, hapo unajua kwamba walikaa dawati moja. Ushahidi wa undugu haumo katika yale yaliyohifadhiwa na wengi tangu zamani. Umo katika mabadiliko yaliyozuka mahali fulani na kurithiwa na wachache.

Katika lugha mambo ni yayo hayo. Kiswahili husema mti na moto. Kikuyu husema mũtĩ. Kigiriama na Kidigo husema muhi na moho. Asiyejua mbinu atatamka upesi kwamba Kiswahili kiko karibu zaidi na Kikuyu kuliko Kigiriama, maana sauti t imebaki katika vyote viwili. Atakuwa amepotoka. Sauti hiyo ni urithi wa kale uliozagaa katika lugha nyingi za Kibantu, na kuwa nao hakuthibitishi ukaribu wowote wa pekee. Kilicho na uzito ni kwamba Kigiriama na Kidigo wameigeuza t ikawa h, tena kwa utaratibu, neno baada ya neno. Badiliko hilo linawafunga pamoja katika kundi la Mijikenda. Na yapo mabadiliko mengine yanayolifunga kundi hilo na Kiswahili, Kipokomo na Kingazija katika ukoo mkubwa zaidi uitwao Sabaki, ambao Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliuchambua kwa marefu na mapana katika kitabu chao cha mwaka 1993. Kikuyu hakimo.

Si ajabu basi kwamba fani hizi mbili zilichora miti ya nasaba karibu wakati mmoja. Mjerumani August Schleicher alichora mti wa lugha za Kihindi-Kiulaya mwaka 1853. Charles Darwin alipotoa kitabu chake juu ya asili ya spishi mwaka 1859, mchoro wake wa pekee ulikuwa wa matawi yanayogawanyika, na humo humo akataja lugha kama mfano wa uainishaji kwa nasaba. Schleicher akajibu mwaka 1863 kwa kijitabu kizima. Tangu hapo wanabiolojia na wanaisimu wamekuwa wakiazimana vyombo kama majirani, na katika miaka ya karibuni programu za kompyuta zilizotungwa kwa ajili ya kupanga nasaba za viumbe zimetumika kupanga nasaba za lugha za Kibantu.

Turudi kwenye wale wadogo wenye ncha za rangi. Mwaka 2011 Vazrick Nazari na wenzake, Larsen akiwa mmoja wao, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya kundi la Colotis. Waligundua kwamba kundi hilo, kama lilivyozoeleka vitabuni, halikuwa ukoo mmoja. Baadhi ya waliohesabiwa kuwa wana wa nyumba hiyo walikuwa na uhusiano wa mbali zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Eris na jamaa zake wakarudishiwa jina la zamani la Teracolus. Ncha ya rangi bawani, ambayo kwa macho ilikuwa alama ya ukoo, haikutosha kuwa alama ya ukoo. Nadhani mtu hahitaji kuwa mpenzi wa wadudu ili kuona uzito wa jambo hilo: vipepeo waliochunguzwa kwa zaidi ya karne moja, tena si wa msitu usiofikika bali wa vichaka vya kando ya barabara, wamebadilishiwa ukoo kwa ushahidi wa maandishi waliyokuwa wameyabeba mwilini siku zote.

Mfano mkubwa kuliko huo ulikuja mwaka 2023, wakati Akito Kawahara wa Florida na wenzake wa nchi nyingi walipochapisha mti wa vipepeo wa dunia nzima. Walitumia jeni 391 kutoka spishi zinazokaribia 2,300, vielelezo vya nchi 90, wakagusa asilimia 92 ya jenasi zote zijulikanazo. Mti huo unaonyesha kwamba vipepeo walizuka katika bara la Amerika yapata miaka milioni 100 iliyopita, kutokana na nondo, na kwamba viwavi wao wa mwanzo yaelekea walikula mimea ya jamii ya maharagwe. Baadaye walivuka kuingia Asia, wakasambaa hadi Mashariki ya Kati na Pembe ya Afrika. Wachunguzi hao walieleza pia kwamba makundi yasiyopungua 36 ya ngazi ya kabila yanahitaji kupangwa upya. Neno kabila hapa ni la wanabiolojia, ngazi iliyo juu ya jenasi. Naomba lisichukuliwe kwa maana nyingine, ingawa kwa maana hiyo nyingine nitakuja hivi punde. Nao wasomi wa kamusi wazingatie hilo la nondo: kipepeo si mwenzi wa nondo kama mchana ulivyo mwenzi wa usiku. Kipepeo ni tawi moja tu katika mti mkubwa wa nondo, tawi lililoamua kuruka mchana.

Hadi hapo msomaji anaweza kudhani kwamba nawasifu watu wa maabara na kuwabeza wale wa macho. Sivyo. Kinasaba nacho husema uongo, hasa kikihojiwa peke yake, na kisa cha Danaus chrysippus ndicho kithibitisho bora nikijuacho, tena ni kisa cha kwetu Afrika Mashariki.

Tangu mwaka 2003, Paul Hebert wa Kanada alipopendekeza njia ya mkato, imekuwa desturi kumtambua mnyama kwa kusoma kipande kimoja tu cha herufi zipatazo 650, kutoka katika jeni moja ya mitokondria. Njia hiyo ni rahisi, ya haraka, na mara nyingi hutoa jibu sahihi. Lakini mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Kwa hiyo anayesoma kipande hicho anasoma historia ya akina mama, na kuidhania kuwa historia ya ukoo mzima.

Danaus huyu ana sura kadhaa barani. Iliyo ya kaskazini mashariki, nchi kavu za upande wa Isiolo na Somalia, huitwa dorippus, nayo haina ncha nyeusi. Magharibi hutawala yenye bawa la nyuma jeupe; kusini ipo nyingine yenye rangi nzito. Sura hizi hukutana na kuzaliana katika ukanda unaopitia Uganda na katikati ya Kenya, Nairobi ikiwamo. Katika ukanda huo liligunduliwa jambo la ajabu. Mnamo miaka ya 1960 watafiti mjini Kampala waliona kwamba majike yamezidi mno madume. David Smith aliwafuatilia vipepeo hao kwa miaka mingi, kuanzia alipokuwa Dar es Salaam. Mwaka 2000 sababu ikajulikana: bakteria aitwaye Spiroplasma, ambaye jike humpitisha kwa mayai yake, na ambaye huwaua watoto wa kiume kabla hawajakua. Mama aliyeambukizwa huzaa mabinti watupu, na mabinti nao huzaa mabinti.

Mwaka 2020 Simon Martin na wenzake, wakiwamo watafiti walioko Kenya, walisoma maandishi yote ya vinasaba vya kipepeo huyu, si kipande kimoja. Hapa inafaa kukumbuka kwamba kwa vipepeo mwenye kromosomu mbili zisizolingana ni jike, kinyume cha binadamu. Waligundua kwamba katika majike wenye bakteria, kromosomu ya 15, ambayo ndiyo hubeba jeni za rangi ya bawa, imeungana na ile kromosomu ya kike. Matokeo yake ni kwamba vitu vitatu husafiri pamoja kutoka kwa mama hadi kwa binti bila kuachana: bakteria, mitokondria, na nakala hiyo moja ya kromosomu ya 15. Majike wote wa namna hiyo wana nakala zinazokaribia kulingana kabisa, yaani wametokana na mama mmoja wa juzijuzi, aliyekadiriwa kuishi yapata miaka 2,200 iliyopita. Na kwa kuwa hawana ndugu wa kiume wa kuoana nao, hutegemea madume wageni wanaohamia ukandani kufuata mvua. Nakala ya rangi iliyofungwa upande wa mama ni dhaifu, hushindwa na ile ya baba. Kwa hiyo mabinti huvaa sura ya baba aliyepita msimu huo, ilhali nasaba ya mama inaendelea chini kwa chini pasipo kuonekana.

Itafakari hali hiyo. Aliyewapanga kwa rangi ya bawa angewaweka mabinti katika ukoo wa baba zao, na kila baada ya misimu michache angelazimika kubadili kauli. Aliyesoma mitokondria peke yake angewatenga mbali na baba zao kana kwamba ni kundi la peke yake. Wote wawili wangekuwa na ushahidi, tena ushahidi halisi, na wote wawili wangekuwa wameshika kipande cha ukweli na kukidhani ni ukweli wote.

Wanafunzi wa Kiswahili wanayo hesabu ya kuwafunza jambo hilo hilo. Mtu akichagua maneno sita, saba na tisa, atathibitisha bila taabu kwamba Kiswahili kimetokana na Kiarabu. Akichagua mbili, tatu, nne na tano, atathibitisha kwamba ni Kibantu. Akiwa mvivu ataishia hapo na kusema ni mchanganyiko, neno ambalo halielezi kitu. Mwenye kufanya kazi atauliza kilichokuwapo mahali pa tisa kabla ya tisa, na atakuta kenda, ambayo wazee waliitumia na ambayo Wagiriama wanayo kama chenda. Atauliza juu ya saba, na atakuta kwamba zile siku saba za harusi tunaziita fungate, na kwamba Mgiriama anapohesabu saba husema fungahe. Kisha atalitazama neno kitabu, lililotoka Uarabuni likiwa zima, na jinsi Waswahili walivyoiona ki yake ya mwanzo wakaitendea kama kiambishi chao, wakapata vitabu. Maneno yalihamia kama wale madume wageni wa Danaus, yakaipa lugha sura mpya. Mfumo wa ndani uliendelea kupita kutoka kwa mama hadi kwa binti. Ni ajabu kwamba hadi leo wapo watu waliosoma wanaopima asili ya Kiswahili kwa rangi ya mabawa yake.

Sasa nije kwenye hayo niliyoahidi, nayo ni ya watu. Isiolo ni mahali ambapo Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wasomali, Wameru, Wasakuye na wengine wanaishi pamoja, na suala la nani ni ndugu wa nani, nani alitangulia na nani ni mgeni, si la kitaaluma tu. Huzungumzwa visimani, malishoni na wakati wa uchaguzi. Mwalimu wa Kulamawe anaweza kuandika ubaoni lama, sadi, afur, shan, namna Waborana wanavyohesabu mbili hadi tano, na kando yake laba, saddex, afar, shan ya Wasomali, na darasa likaona kwa macho yake kwamba lugha hizo mbili ni za ukoo mmoja wa Kikushi. Akiongeza Kirendille atapata tena afar. Akiongeza Kisamburu, ambacho nne yake ni ong'wan, ukoo utakatika, kwani Kisamburu ni Kiniloti, ndugu wa Kimaasai. Lakini Warendille na Wasamburu ndio walioishi bega kwa bega, wakaoana, wakashirikiana mifugo na mavazi, hata mgeni asiweze kuwatenganisha kwa kuwatazama. Wakati huohuo Wagabra na Wasakuye huzungumza Kiborana, ilhali Günther Schlee, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alionyesha kwamba koo na desturi zao nyingi zinawaunganisha na Warendille. Mti wa lugha unasema hivi, mti wa koo unasema vile, na mti wa vinasaba, ukichorwa, una haki ya kusema la tatu. Kila mti unaeleza safari ya kitu kimoja. Hakuna hata mmoja kati yake ulioandikwa ndani yake nani mwenye kisima.

Nalisema hili waziwazi kwa kuwa nimeona vijana wenye akili nzuri wakilitamka neno vinasaba kwa sauti ile ambayo babu zao waliitumia kutamka damu. Neno lenyewe limejengwa juu ya nasaba, nalo linavutia fikra kwenye ukoo, mirathi na haki. Wanasayansi hawana hatia. Walihitaji neno, na wataalamu wa istilahi wakawapa zuri. Lakini mwalimu hana budi kuwaeleza wanafunzi kwamba hata kwa mdudu mwenye maisha ya wiki chache, kusoma maandishi yote ya mwili wake hakukutoa jibu moja la swali "huyu ni wa nani?"

Yanayowezekana darasani hayahitaji maabara. Msimu wa mvua ukifika, miswaki ipo, mikapari ipo, na ule mmea wa utomvu mweupe upo hata nyuma ya choo cha shule. Wanafunzi wanaweza kufuata jike likitaga, wakamlea kiwavi ndani ya chupa yenye matundu, wakaona ni kipepeo gani anayetoka katika jani gani. Chakula cha kiwavi ni ushahidi ambao mabawa hayawezi kuughushi: jike la misippus litavaa sare ya Danaus, lakini kiwavi wake hatagusa utomvu ule. Mwalimu wa sayansi asimamie chupa, na yule wa lugha asimamie daftari. Humo daftarini iandikwe tarehe, mahali, mmea, na jina la mmea huo kwa Kiborana kama alivyolitaja mzee wa mtaa, pamoja na jina la lugha yenyewe. Vielelezo vya makumbusho ya Nairobi na vya Ulaya vinavyosomwa vinasaba leo vina thamani kwa sababu aliyevikusanya alibandika karatasi ndogo yenye mahali na siku. Kipepeo asiye na karatasi hiyo, hata awe mzuri namna gani, hutiwa kando.